Ukoo Wao Una Nini? Historia ya Huzuni ya Mwanamke, kutoka Mbeya na Iringa hadi Kwenye Posa Zetu



Posa inapoletwa, kabla hata mahari haijatajwa, wazee wa pande zote mbili huanza kupeleleza. Kijana anaswali? Kazi anayo? Msichana ana tabia gani, kalelewa na nani? Na katika maswali yote hayo kuna moja huulizwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umerudishwa: ukoo wao una nini? Ndani ya "nini" hiyo mna pumu, mna kifafa, mna seli mundu, na mna lile linaloogopwa kuliko yote, maradhi ya akili. Msichana anaweza kuachwa kwa sababu tu mama yake aliwahi kujifungia ndani miezi mitatu bila kusema na watu, au mama yake mdogo alilazwa Kidongo Chekundu.

Hatusemi kwamba swali hilo ni baya. Dini yetu imetutaka tuangalie tunapooana, na elimu ya leo inakubali kwamba maradhi ya moyo kuwa mzito yanatembea katika damu, tena kwa mwanamke yanatembea tofauti kidogo na kwa mwanamme. Tunachosema ni kwamba swali hilo ni nusu. Nusu ya pili haiulizwi, na leo tunataka kuitafuta katika historia.

Kwanza tuelewane juu ya maradhi yenyewe. Wataalamu wa Tanzania wanayaita sonona. Mitaani tunasema "ana mawazo", "moyo wake mzito", "hana raha". Si huzuni ya siku mbili. Ni pale mtu anapokosa hamu ya kila kitu au kuwa na huzuni kwa wiki mbili na zaidi, usingizi ukavurugika, kula kukabadilika, mwili ukachoka bila ya kazi, akajiona hana thamani, na pengine akatamani kufa. Duniani kote, wanawake wanaokutwa na sonona ni karibu mara mbili ya wanaume.

Ili tuielewe tofauti hiyo, tutatoka visiwani twende mbali kidogo, kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya na Iringa. Wengi wetu tunaijua Iringa kwa sababu ya wasichana wa kazi wanaotoka huko. Lakini tunakwenda kwa sababu nyingine: kwa takriban miaka 90 watafiti wamekuwa wakienda huko na daftari, wakiandika namna watu wanavyolia, wanavyoogopa wazimu, na wanavyoishi ndani ya ndoa. Maandishi hayo yakipangwa pamoja yanatufundisha jambo ambalo kila bibi harusi na kila mama mkwe analihitaji.

Rungwe: wanawake wanalia, wanaume wanacheza

Mwaka 1934 kijana wa Kiingereza, Godfrey Wilson, alifika Rungwe, kusini ya mji wa Mbeya, kuishi na Wanyakyusa. Mwaka uliofuata mkewe Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliungana naye. Walikaa huko, kwa vipindi, hadi 1938. Nchi hiyo ina migomba mingi na mvua nyingi. Lakini wakati ule ilikuwa pia ni nchi ya wanaume wanaoondoka. Dhahabu ilikuwa inachimbwa Lupa, upande wa Chunya, na wengine walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya kusini. Walioondoka walirudi na nguo na fedha. Waliobaki na majembe, watoto na wazee walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanawake.

Kitu kimoja kilichowavutia sana wageni hawa ni msiba. Katika mazishi ya Kinyakyusa ya wakati ule, wanawake walilia na wanaume walicheza ngoma ya vita na mikuki mikononi. Mgeni angeweza kudhani kwamba wanaume wale hawana uchungu. Walipoulizwa, walieleza kuwa kucheza kule ndiko kuomboleza kwao. Uchungu ulikuwa mmoja, njia zikawa mbili.

Monica aliandika jambo la pili, kubwa zaidi. Baada ya maziko, jamaa wa damu wa marehemu walipitishwa katika mila ndefu, na katika sehemu ya mila hizo waliigiza uendawazimu. Imani yao ilikuwa kwamba anayeacha mila hiyo, wazimu wenyewe utamjia baadae. Kitabu chake juu ya mila hizo za jamaa kilitoka mwaka 1957. Sisi kama Waislamu hatuzichukui mila hizo, tuna utaratibu wetu wa msiba, wa tanga na wa eda. Lakini tutazame hekima iliyofichika humo. Wazee wale, bila ya maabara, walishajua mambo mawili: kwamba huzuni isiyopewa njia inaweza kumharibu mtu akili, na kwamba hatari hiyo inawapata kwa pamoja wale wenye damu moja.

Na hapa kuna habari inayotia simanzi. Godfrey Wilson, aliyekaa akiandika jinsi wanawake wanavyolia na wanaume wanavyocheza, mwenyewe aliandamwa na sonona. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alijitoa uhai. Alimwacha Monica na watoto wawili wa kiume. Monica aliwalea, na vitabu vya Rungwe vikatoka mkononi mwake peke yake. Hatumtaji ili tumhukumu, hukumu ni ya Mola wake. Tunamtaja kwa sababu habari yake inatutahadharisha tusije tukasoma vibaya ile hesabu ya "mara mbili". Wanawake wanakutwa na sonona zaidi, lakini duniani wanaume ndio wanaokufa zaidi kwa kujitoa uhai. Baadhi ya wanaume wanaumwa bila ya kuhesabiwa, kwa sababu mwanamme hakupewa nafasi ya kulia.

Iringa: kichaa kinaulizwa, huzuni haiulizwi

Miaka ya mwanzo ya 1960, Mmarekani Robert Edgerton alikuwa katika kundi la watafiti waliopita Kenya, Uganda na Tanganyika wakilinganisha maisha ya wakulima na wafugaji. Edgerton aliuliza swali lake: ni nani kichaa, mnamjuaje, amepatwa na nini? Aliwauliza zaidi ya watu 500 katika makabila manne, nao ni Wakamba, Wapokot, Wasebei, na Wahehe wa Iringa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1966. Wapokot na Wasebei walizungumza juu ya mdudu ndani ya kichwa. Wahehe na Wakamba walitaja zaidi uchawi. Ila walipoulizwa kichaa anafanya nini, wote walikaribiana: anatembea uchi, anapiga watu, anasema maneno yasiyofahamika, anazurura.

Angalieni kilichokosekana hapo. Mwanamke aliyekaa kimya jikoni, anayepika bila ya kuonja, anayeamka saa nane za usiku na kulia mpaka alfajiri, hakuwamo katika swali. Yeye hapigi mtu wala havui nguo. Kwa miaka mingi aliyeonekana mkali alipelekwa hospitali ya Mirembe, Dodoma, na jina hilo likawa tusi la mitaani bara, kama Kidongo Chekundu lilivyo tusi kwetu. Aliyekuwa kimya hakupelekwa popote. Aliambiwa ni mvivu, au ana pepo, au hana shukurani kwa mumewe.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kimya hicho. Daktari wa kikoloni J. C. Carothers, aliyekuwa msimamizi wa hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika. Yeye aliwaona walioletwa hospitali, na walioletwa hospitali ni wale waliowashinda askari na wazee wa mji. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya utafiti wao wa vijiji viwili vya Uganda. Wao hawakungoja hospitalini. Walikwenda nyumba kwa nyumba na kuuliza. Walikuta sonona nyingi kuliko iliyopatikana London kwa kipimo hichohicho, na wanawake wakiwa mbele ya wanaume. Maradhi yalikuwepo siku zote. Ila hakuna aliyekuwa amegonga mlango wa mwanamke na kumuuliza.

Damu inasema nini

Sasa tuje kwenye lile swali la posa, ukoo. Na hapa tuanze nyumbani kwetu, katika elimu ya Kiislamu. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na ya nafsi. Humo aliigawa huzuni mafungu mawili. Fungu moja lina sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali. Fungu la pili halina sababu anayoijua mwenyewe mgonjwa, na asili yake imo ndani ya mwili. La kwanza alilitibu kwa maneno na fikra. La pili aliona linahitaji tiba ya mwili. Hakusema kwamba mwenye fungu la pili ana imani dhaifu.

Elimu ya leo imelipima fungu hilo kwa njia ya mapacha. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vile vile, na mapacha wasiofanana wanashirikiana kama ndugu wa kawaida. Kwa kulinganisha makundi haya mawili inajulikana urithi una uzito gani. Mwaka 2006 Kenneth Kendler na wenzake walitoa matokeo ya mapacha zaidi ya 40,000 wa Uswidi. Waliona kwamba urithi wa sonona ni takriban asilimia 42 kwa wanawake na asilimia 29 kwa wanaume. Pia waliona kwamba urithi wa wanawake na wa wanaume haufanani wote. Sehemu kubwa ni ya pamoja, sehemu nyingine inapishana.

Asilimia 42 hiyo inasomwa vibaya na wengi, kwa hiyo tuieleze. Haina maana kwamba mtoto wa mama mgonjwa ana nafasi ya asilimia 42 ya kuugua. Inaeleza ni kiasi gani cha tofauti baina ya watu wa nchi ile kinatokana na urithi. Chukueni miche ya mikarafuu. Ukiipanda yote katika shamba moja, kivuli kimoja, maji mamoja, basi mche mmoja ukishinda mwengine utasema ni mbegu. Lakini ukiipanda mingine kivulini na mingine juani, jua litakausha mche hata uwe wa mbegu bora. Mbegu ni ile ile, ila uzito wake unategemea imepandwa wapi. Kwa ujumla, mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua sonona ana hatari ya mara mbili hadi tatu kuliko asiye naye. Ni hatari ya kweli, tusiidharau. Na pamoja na hivyo, wengi wao hawaugui maishani.

Kuna wakati wataalamu walidhani wameupata mzizi. Mwaka 2003 watafiti waliowafuatilia vijana wa Nyuzilandi walitangaza jeni moja ya kemikali ya serotonini, wakasema wenye aina fulani ya jeni hiyo huanguka zaidi wanapopata shida. Habari ilienea dunia nzima. Lakini mwaka 2019 utafiti uliotumia maelfu kwa maelfu ya watu haukuona ushahidi wa jeni hiyo wala wa nyingine zilizokuwa maarufu kama hiyo. Hakuna jeni moja ya huzuni. Kuna maelfu ya tofauti ndogondogo, kila moja ina uzito wa punje ya mchele.

Mwaka 2025 timu iliyoongozwa kutoka Australia ilizihesabu kwa wanawake na wanaume mbali mbali. Walikusanya vinasaba vya takriban wanawake 130,000 na wanaume 65,000 waliougua sonona, pamoja na vya wengine wasiougua. Walikadiria kwamba tofauti kama 7,000 zinachangia sonona kwa jinsia zote, na nyingine kama 6,000 zinachangia kwa wanawake tu. Waliona pia kwamba vinasaba vya sonona ya wanawake vinaingiliana zaidi na vile vya uzito wa mwili na jinsi mwili unavyotumia chakula. Mke aliyenenepa ghafla, anayelala mchana na hana nguvu ya kufagia, anaambiwa "umebweteka baada ya kuolewa". Huenda mwili wake unasema kitu kingine.

Lakini tusikimbilie kumpeleka mkwe mtarajiwa akapimwe damu. Watu wa utafiti huo walikuwa wa asili ya Ulaya. Msichana wa Tukuyu, wa Kalenga, wa Wete au wa Makunduchi hamo katika hesabu hiyo. Na hata kwa hao wa Ulaya, hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumtazama msichana mmoja na kusema huyu ataugua, huyu hataugua. Anayekataa posa kwa jina la sayansi anaisingizia sayansi.

Mbeya tena: nyumba inasema nini

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walirudi Mbeya, safari hii si kwa ajili ya mila wala damu. Shirika la Afya Duniani lilikuwa linafanya utafiti katika nchi kumi juu ya wanawake na ukatili wa majumbani. Kwa Tanzania walichagua sehemu mbili, Dar es Salaam na wilaya ya Mbeya, na kazi ilifanywa pamoja na wataalamu wa Muhimbili. Wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliulizwa faraghani, na mwanamke mwenzao. Nchi zote kumi zikijumlishwa, walioulizwa walikuwa zaidi ya 24,000.

Ripoti ilitoka mwaka 2005. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenza, waliokwisha kupigwa naye au kulazimishwa tendo la ndoa walikuwa asilimia 41 Dar es Salaam. Mbeya walikuwa asilimia 56. Zaidi ya nusu. Katika nchi zote zilizofanyiwa utafiti, waliopitia hayo walikuwa na dalili nyingi zaidi za dhiki ya nafsi, kukosa usingizi, kulia, kuchoka, na fikra za kutaka kufa, kuliko wale ambao hayakuwapata.

Rudini sasa kwenye mche wa mkarafuu. Hili ni jua kali. Na Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na jua jengine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, wakati kwa nchi nzima yalikuwa takriban asilimia 5. Nyuma ya namba hizo mna wajane, mna bibi waliolea wajukuu, mna wasichana walioacha skuli kuuguza wazazi. Wengine miongoni mwa wasichana hao ndio wanaoosha vyombo katika nyumba zetu. Tukimwona "dada wa kazi" hacheki, hali, anajikunyata, tusiseme ana kiburi. Kaacha kwao nini, na kwetu anatendewa vipi?

Weka daftari zote pamoja, la Rungwe, la Iringa, la Uswidi na la Mbeya, utaona jambo moja. Mwanamke anaweza kurithi udhaifu ambao mwanamme hakuurithi kwa kiasi hicho, na wakati huo huo akawekwa katika maisha yanayougusa udhaifu huo kila siku. Mbegu na jua havishindani. Vinasaidiana, kumjenga au kumbomoa. Kwa hiyo familia inayouliza "ukoo wao una nini?" isipouliza "nyumba anayokwenda ina nini?" imeuliza nusu tu, tena ile nusu ambayo hakuna anayeweza kuibadilisha. Damu ya mtu imeshapangwa na Allah. Ila nyumba tunaipanga sisi.

Tufanye nini na elimu hii

Kwanza, wazee wa posa. Ulizeni maradhi ya ukoo kwa pande zote mbili, kwa sababu mtoto atarithi kwa baba na kwa mama, na sonona ya mwanamme hujificha. Kisha muulize la pili kwa uzito ule ule: kijana huyu anapokasirika anafanya nini? Baba yake anamtendea vipi mama yake? Bibi harusi atakaa wapi, na nani, na atakuwa na ruhusa ya kwenda kwao? Aliye na mkono mwepesi ni khatari kubwa kwa afya ya binti yenu kuliko mama mkwe aliyewahi kuugua akapona.

Pili, tusichanganye maneno. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, wameutaja wazimu miongoni mwa aibu zinazoweza kuvunja ndoa. Sonona si wazimu. Mwenye sonona ana akili yake, anaswali, anafunga, anajua halali na haramu, ila amebeba mzigo. Mwenye suala la kisheria na amuulize sheikhe wake, asikate hukumu kwa neno la mtaani.

Tatu, bibi harusi mwenyewe. Ikiwa mama yako au dada yako aliwahi kuugua hivi, hasa baada ya kujifungua, lijue hilo na ulitunze kama unavyotunza cheti cha kliniki. Utafiti mwengine wa Uswidi, wa mwaka 2016, ulionesha kwamba sonona ya wakati wa mimba na uzazi ina urithi mkubwa kuliko sonona ya nyakati nyingine, asilimia 44 kwa 32. Ukishika mimba mwambie mkunga mapema. Waambie na watakaokulea katika arobaini yako. Arobaini yetu ni kivuli kizuri mno: mzazi hapiki, hafui, anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga. Ila siku hizi wengi wanajifungua mbali na kwao, na arobaini inakuwa siku saba. Irudisheni.

Nne, masomo wetu na makungwi. Nyinyi ndio mnaokaa faragha na mwari na kumfundisha ndoa. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye mawazo mazito, na kuwasaidia kupanga tatizo moja baada ya jengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba waliokaa na bibi hao walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi benchi tunalo siku nyingi, ni baraza na chumba cha somo. Kilichobaki ni somo kuongeza swali moja kila anapokwenda kumtazama mwari wake: unalala? unakula? una raha? Na akijibiwa hapana, asiishie kwenye "subiri mwanangu".

Tano, tiba. Dua, Qur'ani na ruqya ni rehema, na hazigombani na hospitali. Sonona inatibika kwa mazungumzo na kwa dawa, na hospitali ya karibu inaweza kukuelekeza. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake, na msingoje kesho kumpeleka. Akiwa anapigwa, kumpa vidonge na kumrudisha palepale ni kumwagilia mche juani. Nyumba nayo itibiwe, au aondolewe.

Na ewe dada unayesoma haya usiku peke yako, ukidhani moyo wako mzito ni dalili kwamba Allah amekukasirikia: kumbuka Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakaingia weupe, naye ni mtume. Kumbuka Bibi Maryam, aliyechaguliwa juu ya wanawake wa walimwengu, uchungu ulipomsukuma kwenye shina la mtende alitamani angekuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Hakukemewa. Alipewa maji, akapewa tende, akaambiwa asihuzunike. Alipewa tiba ya mwili na maneno ya faraja kwa pamoja.

Allah awape wepesi wote walioelemewa, awaponye mama zetu na dada zetu, awape maharusi wetu nyumba zenye kivuli, na awape wazee wetu ujasiri wa kuuliza maswali yote mawili. Amin.